NYUMBA YA KUKUTANIA KATIKA MJI WA KISMAYO

Jioni ya Ijumaa, tarehe 12 Julai 2019, gari lililosheheni baruti liliripuliwa langoni pa hoteli iitwayo Asasey, katika mji wa bandari wa Kismayo. Watu wenye silaha wakaingia ndani kwa njia iliyofunguliwa na mripuko huo, na mapigano ya chumba kwa chumba yakaendelea usiku hadi asubuhi ya siku ya pili. Waliouawa walikuwa 26. Miongoni mwao walikuwamo wazee na wanasiasa waliokuwa wakizungumzia uchaguzi wa Jubaland uliotazamiwa mwezi uliofuata; alikuwamo mwandishi wa habari Hodan Nalayeh, Mkanada mwenye asili ya Kisomali aliyerudi kuieleza dunia mema ya nchi ya wazazi wake, pamoja na mumewe; na walikuwamo wageni kutoka nchi mbalimbali, wakiwamo Wakenya watatu na Watanzania watatu.

Baadhi ya watu waliuliza wakati ule, na wangali wanauliza, kwa nini adui aliiacha kambi, akaiacha bandari, akauacha uwanja wa ndege, akaja kutumia watu wake na baruti yake juu ya nyumba ambamo watu walikuwa wakinywa chai. Swali hili si la watu wa kawaida tu. Ni swali letu sisi tuliovaa sare. Nasi kwa maoni yetu jibu lake halipatikani katika ramani ya vita peke yake. Hapana budi tuirejee historia ya nyumba za kukutania za pwani ile, yaani baraza, baa, mkahawa na hoteli, tuone zilitoka wapi na zimefikaje zilipo.

Kabla ya bendera yoyote ya kigeni kupepea hapo, Kismayo ilikuwa makao ya wavuvi wa Kibajuni. Wapo wasemao kuwa jina lenyewe ni la Kiswahili, Kisima-yuu, kisima kilichoko juu, na msikilizaji mwenye masikio hana haja ya kuelezwa zaidi. Kutoka hapo kuelekea kusini hadi Ras Kamboni, kwenye mpaka wa Kenya, vimejipanga visiwa vya Wabajuni: Koyama, Ngumi, Chovai, Chula na vinginevyo. Watu wake husema Kibajuni, yaani Kitikuu, ambacho ni tawi la Kiswahili, na kazi yao kwa karne nyingi imekuwa bahari: samaki, kasa, na boriti za mikoko. Nyumba yao ya kukutania ilikuwa baraza ya msikiti na kivuli cha chombo kilichopandishwa pwani. Hapo ndipo habari za upepo, za bei na za harusi zilipopokelewa. Mtaalamu wa Kiitaliano Vinigi Grottanelli, aliyekwenda kuishi nao na kutoa kitabu chake juu yao mjini Roma mwaka 1955, aliwaita wavuvi wa Bahari ya Hindi, na hakukosea.

Baadaye wakaja wageni, mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1875 Khedive Ismail wa Misri alituma manowari zake zikaishika Kismayo kwa miezi michache, hata wakaibandika jina la Port Ismail, kisha wakaondoka kwa kushurutishwa na Waingereza, na mji ukarudi mikononi mwa Sultani wa Unguja. Kutoka mwaka 1895 ukawa chini ya serikali ya Kiingereza, ukafanywa makao makuu ya Jubaland. Haukuwa utawala wa raha. Mwezi Novemba 1900 mkuu wa jimbo, Arthur Jenner, aliuawa alipokuwa safarini bara, na kufikia mwaka uliofuata jeshi zima lilikuwa limepelekwa kulipa kisasi.

Katika siku hizo ndipo kileo kilipoingia Kismayo kwa namna ya pekee ambayo yafaa tuieleze. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890, ambao watu wengi huukumbuka kwa sababu ya biashara ya watumwa, ulikuwa na sura nzima juu ya vinywaji vikali. Ulichora mstari kutoka digrii 20 kaskazini hadi digrii 22 kusini mwa Ikweta, na ukasema kwamba katika nchi zilizo ndani ya eneo hilo, pale ambapo wenyeji hawanywi kwa sababu ya dini au kwa sababu nyingine, vinywaji hivyo visiingizwe kabisa; isipokuwa tu kwa matumizi ya wasio wenyeji. Kismayo iko karibu kabisa na Ikweta, na watu wake ni Waislamu. Basi kwa sheria ile ile, chupa iliruhusiwa juu ya meza ya afisa wa Kizungu na ikakatazwa juu ya meza ya mwenye mji. Mesi ya maofisa ndiyo iliyokuwa baa ya kwanza, nayo ilizungushiwa ukuta usioonekana. Hatusemi kwamba mwenyeji aliitamani chupa hiyo. Tunasema kwamba nyumba ya kunywea ilipandwa pale pwani kama alama ya nani mtawala na nani mtawaliwa, na alama ya namna hiyo haifutiki upesi.

Tarehe 29 Juni 1925 Waingereza waliwapa Waitaliano Jubaland, kuwa sehemu ya malipo ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwa mwaka mmoja hivi nchi hiyo ikawa koloni lenye jina lake, Oltre Giuba, chini ya kamishna Corrado Zoli. Hata stempu za posta zikachapwa. Mwaka 1926 ikaunganishwa na Somalia ya Kiitaliano. Kismayo ikaandikwa Chisimaio. Waitaliano hawakuwa na mesi tu; walikuwa na baa, na baa ya Mtaliano si sawa na ya Mwingereza. Mtaliano hupita baa asubuhi akanywa kahawa akisimama, akarudi adhuhuri kuchukua maji ya matunda, na mvinyo huungojea wakati wake. Nyumba ni moja, mlango uko wazi, na meza zimetolewa nje barabarani.

Hapa lugha imetuwekea ushahidi ambao hakuna vita iliyoweza kuuchoma. Kwa Kiitaliano, kinywaji huitwa bibita. Neno hilo Wasomali walilichukua wakalifanya lao, likawa biibito, na hata leo biibito ni duka dogo la chai, kahawa na vitafunio. Mtaliano aliondoka, mvinyo ukaondoka, Biblia na bendera yake vikaondoka, lakini nyumba ya kukutania ilibaki na jina lake, ikabadilishiwa kilichomo ndani ya kikombe. Pamoja nayo limebaki jina la maqaayad, lenye asili ya Kiarabu, kwa mkahawa. Mwenye kutaka kujua watu wanapenda nini na wanakataa nini kwa wageni wao, na aangalie maneno waliyobakiza.

Watu wa sare kutoka kusini waliingia mji huo tarehe 14 Februari 1941. Majeshi ya Uingereza yaliyotoka Kenya chini ya Jenerali Alan Cunningham, na ndani yake mkiwamo vikosi vya Afrika Mashariki, Ghana ya leo na Afrika Kusini, yaliikuta Kismayo imekwisha kuachwa na Waitaliano. Siku kumi na moja baadaye yalikuwa Mogadishu. Babu zetu wa KAR walifika na Kiswahili chao cha gwaride, ambacho Mbajuni, mwenye Kiswahili cha kale cha mashairi, bila shaka alikisikiliza kwa subira. Hata hivyo lugha ilisikilizana. Askari aliyetoka Tabora au Kisumu aliweza kuagiza samaki Kismayo bila mkalimani, jambo ambalo hakuweza kulifanya Mogadishu. Tunalitaja kwa kuwa ni hazina ambayo majeshi ya leo yameirithi na mara nyingi yanaisahau.

Baada ya uhuru wa tarehe 1 Julai 1960, mji ulikua kwa haraka. Mwaka 1964 Marekani ilisaidia kujenga bandari ya kisasa, na kwa ajili hiyo kisiwa kimojawapo cha Wabajuni kiliunganishwa na nchi kavu kwa njia nyembamba ya mawe. Kwa hiyo kila meli inayotia nanga Kismayo hutia nanga juu ya kisiwa cha Wabajuni. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1969 manowari za Kisovieti zikawa wageni wa bandari hiyo hiyo, mpaka Rais Siad Barre alipowafukuza Wasovieti mwezi Novemba 1977, na katika miaka ya 1980 Wamarekani wakarudi kuitengeneza. Mji wa bandari wenye mabaharia wa mataifa mbalimbali huwa na nyumba za kuwaburudisha. Hatuna haja ya kukawia hapo. Litakalokumbukwa ni kwamba katika miaka hiyo meza ya baharia, ya karani, ya mvuvi na ya askari zilikuwa katika mtaa mmoja.

Mwaka 1991 meza hizo zilipinduliwa. Dola ilipoanguka, Kismayo ilipita mikononi mwa makundi mengi kiasi kwamba kuyataja yote ni kumchosha msomaji. Wabajuni, wasiokuwa na ukoo wenye silaha wala wenyewe kuwa watu wa silaha, walinyang'anywa vyombo na nyavu, visiwa vikavamiwa, na maelfu walikimbilia Kenya; wengi wao waliishi kambini Jomvu, kando ya Mombasa, kwa miaka kadhaa. Mwezi Agosti 2008 mji ukaangukia mikononi mwa Al-Shabaab. Muziki ukakatazwa, na sinema na mpira wa televisheni pia. Uwanja wa mpira, ambao ni nyumba ya kukutania ya vijana, ulifanywa mahali pa kuulia: mwezi Oktoba mwaka huo msichana wa miaka 13 alipigwa mawe humo mpaka akafa, mbele ya umati ulioletwa kutazama. Mtawala anayetaka kuuvunja mji haanzi na kuta zake. Huanza na mahali ambapo watu hukaa pamoja kwa hiari yao.

Hiyo ndiyo hoja yetu, na tunaomba wenzetu waipime kwa matukio. Tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, Al-Shabaab iliripua mabomu mjini Kampala katika klabu ya raga ya Kyadondo na katika mkahawa wa Kihabeshi, wakafa watu zaidi ya 70. Tarehe 24 Oktoba 2011, wiki moja baada ya majeshi ya Kenya kuvuka mpaka, guruneti lilitupwa katika baa ya Mwaura katikati ya jiji la Nairobi. Usiku wa tarehe 15 Juni 2014 wavamizi waliingia mji mdogo wa Mpeketoni, wilayani Lamu, wakati watu walipokuwa wakitazama tena Kombe la Dunia. Wakashambulia kituo cha polisi na hoteli, na kwa siku mbili wakaua watu zaidi ya 60 mjini na katika vijiji vya jirani. Mtu angeweza kudhani kwamba zilizopigwa ni nyumba za ulevi na ufisadi.

Lakini ikiwa kosa la baa ya Nairobi ni bia yake, kosa la Asasey lilikuwa nini? Kismayo haiuzi kileo hadharani. Kilichokuwa mezani ni chai. Na tarehe 23 Oktoba 2022, hoteli nyingine ya mji huo huo, iitwayo Tawakal, ilivamiwa kwa namna ile ile, gari la baruti langoni kisha watu wenye bunduki, wakafa watu tisa na kujeruhiwa 47. Ni dhahiri basi kwamba adui hana ugomvi na glasi. Ugomvi wake ni na meza. Anachokichukia ni mzee wa ukoo huu kukaa na mzee wa ukoo ule, mfanyabiashara akizungumza na afisa, na msichana aliyerudi kutoka ng'ambo akiwauliza wote maswali.

Pana sababu nyingine inayoifanya hoteli ya Kisomali kuwa shabaha, na hii ni ya siasa kabisa. Wabunge wa huko kwa muda mrefu wamechaguliwa na wajumbe wa koo, si kwa kura ya kila mtu. Wajumbe hao, na wagombea wengi wanaorudi kutoka ng'ambo wasio na nyumba zao mjini, hukaa hotelini. Hoteli hugeuka ukumbi wa chama, ofisi ya kampeni na mahakama ya usuluhishi, yote kwa pamoja. Anayeripua hoteli wiki sita kabla ya uchaguzi ameripua uchaguzi.

Tulipokuwa makadeti tulifundishwa kuchora ramani ya mji wa kulindwa. Tulianza na daraja, tukafuata kituo cha umeme, mtambo wa redio, ghala la mafuta. Hatukumbuki mwalimu yeyote aliyetutaka tuweke alama kwenye mkahawa. Si kosa la walimu. Vita walivyovijua wao vilipiganiwa madaraja. Lakini afisa wa leo anayepelekwa pwani ile, akiwa hajui chai inanywewa wapi na nani hukaa na nani, hajaujua mji wake.

Taarifa za siku ile zilisema kuwa waliovamia Asasey walivaa sare za polisi. Hili lapaswa kutusumbua kuliko baruti yenyewe. Mwananchi aliyekaa mezani akiona sare huamua kwa nukta moja kukimbia au kutulia. Sare ikiwa imekwisha kumzoesha heshima, atatulia, na siku adui akiivaa atakufa akiwa ametulia. Sare ikiwa imekwisha kumzoesha mateke na kudaiwa chochote, atakimbia hata siku tunapokuja kumwokoa. Hakuna amri ya makao makuu inayoweza kulitatua hili. Linatatuliwa na utunzaji mkali wa sare na vitambulisho ghalani, na polisi wa doria ambao wenye mikahawa wanawajua kwa sura na kwa majina.

Ukivuka mpaka kuingia Kenya kuna mfano wa kufaa kutazamwa. Katika mji wa kale wa Lamu, mji wa Kiislamu wenye misikiti kila baada ya hatua chache, ipo pwani, jirani na jumba la makumbusho, nyumba iliyoitwa Petley's Inn. Iliasisiwa na Mwingereza Percy Petley, mkulima wa bara upande wa Witu aliyekuja kustaafia kisiwani. Kwa miongo mingi ilikuwa mojawapo ya mahali pachache mjini palipouza bia. Wazee wa Lamu hawakuipenda, na hawakuichoma. Walipita mbele yake kwenda msikitini, nayo ikajua mipaka yake. Uvumilivu huo wa watu wawili wasiokubaliana, kila mmoja akijua saa na mtaa wa mwenzake, ndio uliokuwa ulinzi wa mji kwa miaka mingi, wala hakuna askari aliyeuamuru.

Ulipojeruhiwa, haukujeruhiwa na adui peke yake. Baada ya watalii kutekwa nyara mwezi Septemba na Oktoba 2011, huko Kiwayu na Manda, na baada ya Mpeketoni, ilikuja amri ya kutotoka nje usiku, na marufuku ya kuvua usiku iliyodumu miaka kadhaa. Hatubishi kwamba hatari ilikuwa ya kweli. Walakini mvuvi wa Kibajuni huvua usiku, kwa kuwa samaki wake hupatikana usiku. Na marufuku iliyokusudiwa kumzuia mvamizi ilimlaza njaa mtu yule yule aliyekuwa na uwezo wa kumwona mvamizi kwanza. Mtu wa Kiunga au Kiwayu anaijua kila sauti ya mashine baharini. Kumwondoa baharini usiku ni kuondoa mlinzi lindoni. Yafaa jambo hili lisemwe na mtu wa jeshi, kwa kuwa likisemwa na wengine huitwa manung'uniko.

Turudi Kismayo. Mji ulikombolewa kutokana na Al-Shabaab kwa shambulio lililoanza tarehe 28 Septemba 2012, askari wa Kenya wakishuka kutoka baharini, na wenzao wa Kisomali wakiwa pamoja nao. Mwaka 2013 Ahmed Madobe akawa kiongozi wa Jubaland. Majeshi ya Umoja wa Afrika yamebadilisha majina, AMISOM mpaka mwaka 2022, ATMIS mpaka mwisho wa 2024, na AUSSOM tangu Januari 2025. Lakini meza ya mji haijapata utulivu. Mwezi Novemba 2024 Madobe alichaguliwa tena, serikali ya Mogadishu ikakataa uchaguzi huo, kila upande ukatoa hati ya kumkamata kiongozi wa mwenzake, na Jubaland ikatangaza kukata uhusiano. Tarehe 11 Desemba majeshi ya pande mbili, yote yakiwa maadui wa Al-Shabaab, yalipigana Ras Kamboni. Ya Mogadishu yalishindwa, na baadhi ya askari wake wakavuka mpaka wakajisalimisha upande wa Kenya.

Ras Kamboni ni kijiji cha Wabajuni. Katika ugomvi huo wote hatukusikia mahali popote Wabajuni wakiulizwa. Katika mfumo wa siasa uliokubaliwa huko Arta, Djibouti, mwaka 2000, koo nne kubwa zilipewa fungu zima kila moja, na jamii nyingine zote, Wabajuni wakiwamo, wakagawana nusu. Nusu hiyo ndiyo kiti chao katika hoteli za Kismayo ambako mambo ya bandari huamuliwa, bandari iliyojengwa juu ya kisiwa chao. Afisa anayesema Kiswahili, akipita visiwani Koyama au Chula, anaweza kuzungumza nao bila mkalimani. Watamweleza vyombo vilivyopita usiku wa jana, na vingapi havikuwasha taa.